Picha za Mji Usiku: Nilivyoacha Kulifukuza Giza

Kuna daraja moja ambalo nimelipiga picha usiku mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Si daraja maarufu. Ni la zege, lina nguzo za taa kila upande, na ng'ambo ya mto yamepangana majengo marefu ambayo madirisha yake huwaka na kuzimika moja moja mpaka usiku wa manane. Picha ya kwanza niliyopiga hapo bado ninayo. Anga lina rangi ya udongo. Taa zimeungua, zimekuwa madoa meupe yasiyo na umbo. Majengo yamejaa chenga, vile vidoadoa vya ovyo, na daraja limetikisika kiasi kwamba kila nguzo inaonekana ina pacha wake. Mbele kabisa, chuma cha ukingo kinang'aa kwa weupe mkali, maana flashi ilijiwasha yenyewe.

Nimeitunza kwa sababu ina karibu makosa yote ya mtu anayeanza, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba makosa hayo yana mzizi mmoja. Nilikuwa nataka usiku uonekane kama mchana.

Kamera nayo inataka hivyo hivyo, na hili ndilo natamani ningeambiwa siku ya kwanza. Kipima mwanga kilichomo ndani yake hakijui kama unapiga ukuta uliopakwa chokaa au uchochoro wenye giza. Kimetengenezwa kwa imani moja: kwamba ukichanganya mwanga wote ulio kwenye fremu utapata kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye mji usiku, ambako sehemu kubwa ya fremu ni giza, kinaona giza limezidi, kinaongeza mwanga mpaka giza lile liwe kijivu. Hapo ndipo anga linapokuwa la udongo, na taa, ambazo tangu mwanzo zilikuwa na mwanga wa kutosha, zinaungua. Kamera haijaharibika, imefanya ilichofundishwa. Dawa ya kwanza ni ile alama ya kujumlisha na kutoa iliyo kwenye kamera karibu zote, inayoiambia iongeze au ipunguze mwanga. Usiku mimi huanza na kutoa 1, na mara nyingi naishia kutoa 2. Picha inaingia giza, na papo hapo inaanza kufanana na kile ninachokitazama kwa macho yangu.

Flashi izime kabisa. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: kitu kikiwa mbali mara mbili kinapata robo yake, kikiwa mbali mara 10 kinapata sehemu moja ya mia. Jengo lililo mita 200 kutoka kwako halitapata chochote. Kitakachomulikwa ni ukingo wa daraja, matone ya mvua na vumbi linaloelea mbele ya lenzi.

Baada ya picha ile nilidhani shida ni kifaa. Nikajinyima, nikanunua lenzi yenye kitundu kikubwa, f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, kitundu ni kipana zaidi). Sijutii, ina kazi zake na nitazitaja, lakini picha za daraja zilibaki vile vile kwa sababu fikra zangu zilibaki vile vile. Nilikuwa bado nakusanya mwanga kama mtu anayekinga maji kwa viganja. Kilichonibadilisha kilikuwa rahisi kuliko lenzi ile kwa mbali: tripodi.

Mwanga unaoifikia sensa, kile kipande kinachounasa ndani ya kamera, huamuliwa na mambo mawili, upana wa kitundu cha lenzi na muda ambao shata, yaani pazia la kamera, iko wazi. ISO ni la tatu, nalo ni kuukuza ule uliokwisha kuingia, pamoja na uchafu wake. Ukishika kamera mkononi, muda umefungwa. Shata ikikaa wazi zaidi ya 1/30 ya sekunde mikono ya watu wengi hutikisika, basi unalazimika kupandisha ISO mpaka 6400, na chenga zinaanza. Ukiiweka kamera kwenye tripodi, muda unakuwa wako. ISO 100, f/8, sekunde 10: hapo ndipo ninapoanzia katika mji wenye taa za kutosha, kisha naongeza au napunguza kwa kuangalia matokeo. Jambo lililonishangaza siku ya kwanza ni jinsi picha ilivyokuwa tulivu. Matofali ya jengo la ng'ambo yalihesabika.

Sekunde 10 huleta jambo jingine ambalo si la kiufundi tu. Mwaka 1838 Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, aliielekeza kamera yake kwenye Boulevard du Temple, Paris, mchana. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Barabara ile ilikuwa na magari ya farasi na wapita njia, lakini kwenye picha ni tupu. Waliokuwa wakienda na kurudi wamefutika wote. Amebaki mtu mmoja pembeni, mguu wake umeinuliwa, anasafishwa viatu. Kwa kuwa alitulia, bamba lilimpata, na anahesabiwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuonekana kwenye picha. Huyo mtu namkumbuka kila ninapofungua shata usiku. Kinachotembea kinapotea au kinakuwa mstari, kinachotulia kinabaki. Mpiga picha wa usiku anachagua nani abaki kwa kuchagua muda tu: kwa nusu sekunde watu wanakuwa vivuli vinavyopita, kwa sekunde 30 barabara inahamwa.

Kuhusu tripodi yenyewe, kuna mambo madogo yaliyonigharimu picha nyingi. Nguzo ya katikati usiinyanyue, maana ikipanda tu tripodi yako inakuwa mguu mmoja. Upepo ukivuma, ning'iniza begi katikati, lakini liguse ardhi kidogo ili lisibembee. Zima mfumo wa kutuliza mtikisiko ulio kwenye lenzi au kamera. Mifumo mingi ya zamani ikikosa mtikisiko wa kutuliza hujitengenezea wenyewe. Usibonyeze kitufe kwa kidole halafu ukategemea picha kali. Weka kipima muda cha sekunde 2, uondoe mkono.

Na kwenye daraja, angalia unaposimama. Kwa miezi mingi picha zangu za katikati ya daraja zilikuwa na ukungu mwembamba ambao sikuuelewa. Lenzi niliisafisha, fokasi niliihakiki. Siku moja niliweka kiganja juu ya ukingo wakati lori linapita, nikahisi zege lote linatetema, na liliendelea kutetema hata lori lilipokwisha kupita. Daraja hupumua. Tangu siku hiyo ama nasimama pale daraja linapoishikilia nchi kavu, ama nasubiri upenyo kati ya magari mazito.

Asiye na tripodi asikate tamaa. Koti lililokunjwa juu ya ukuta mfupi, kamera juu yake, kipima muda kikiwa kimewekwa, linatosha kwa sekunde 10 nzima. Baadhi ya picha ninazozipenda zaidi nilizipiga hivyo, na zilikuwa na pembe ya chini ambayo nisingeifikiria kama ningekuwa na tripodi.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo halihusu kifaa. Ni saa ya kupiga. Watu husema picha za usiku, wakatoka usiku. Wamechelewa. Kuna kipindi kifupi baada ya jua kuzama ambapo mwanga uliobaki angani unalingana na mwanga wa taa za mji. Kabla ya hapo taa zinaonekana mfu, kama zimesahaulika kuzimwa. Baada yake anga linakuwa jeusi kabisa na paa za majengo zinamezwa, unabaki na madirisha yanayoelea hewani. Katikati hapo anga ni buluu nzito, mistari ya majengo inasomeka dhidi yake, na taa zina joto. Jua huwa nyuzi 4 hadi 8 hivi chini ya upeo wa macho.

Buluu ile ina sababu yake. Mwaka 1953 mwanafizikia Mmarekani Edward Hulburt alionyesha kwamba buluu ya anga la utosini wakati wa kigiza hutokana kwa sehemu kubwa na ozoni, gesi iliyo juu sana angani. Jua likiwa chini ya upeo, miale yake husafiri njia ndefu sana ndani ya tabaka la ozoni, na ozoni hunyonya rangi za machungwa na nyekundu, buluu ikapita. Sikuwa najua hilo kwa miaka mingi, na nilipolijua nikaacha kuishuku kamera kwamba inatia chumvi.

Muda wa buluu hautoshani kila mahali. Karibu na ikweta jua huzama wima, kama jiwe lililodondoshwa, na kipindi kizima kinakwisha kwa robo saa au zaidi kidogo. Ukienda mbali na ikweta jua huteleza kwa mshazari na kigiza kinadumu. Kokote ulipo, shauri langu ni moja: ufike nusu saa kabla jua halijazama, uchague mahali, ufunge kamera, ufokasi, kisha usubiri bila kuhama. Nilikuwa nakimbia kutoka pembe moja hadi nyingine nikitaka kila kitu, nikarudi na picha 60 zisizo na hata moja. Sasa narudi na picha 12 za pembe moja, kila moja ikiwa imepishana na mwenzake kwa dakika 2 hivi, na moja kati yake ndiyo yenyewe. Huwa sijui ni ipi mpaka nifike nyumbani.

Huwa sijui kwa sababu macho usiku hudanganya, na kioo cha kamera kinadanganya zaidi. Jicho la mwanadamu huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri. Likishazoea, kile kioo kidogo nyuma ya kamera kinakuwa kama taa ya mbele ya gari, na kila picha inaonekana ina mwanga mwingi na imependeza. Unaridhika, unaondoka, na nyumbani unakuta fremu imezama kwenye wino. Punguza mwangaza wa kioo, na zaidi ya yote jifunze kusoma histogramu, ule mlima mdogo unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika kwenye picha. Picha ya usiku mlima wake unalalia kushoto, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kinachonihusu mimi ni ukingo wa kulia: kama umerundikana pale na kugonga ukuta, taa zimeungua na hakuna programu itakayozirudisha. Kivuli kina kitu ndani yake. Weupe ulioungua hauna kitu.

Kwa hiyo pima mwanga kwa ajili ya taa, vivuli vijitegemee. Pale tofauti inapokuwa kubwa mno, napiga fremu tatu bila kuigusa kamera, moja ya kawaida, moja pungufu na moja iliyozidi, nikaziunganisha baadaye. Lakini naziunganisha kwa kiasi tu siku hizi. Nimeona picha nyingi, zangu zikiwemo, ambazo uunganishaji umetoa kila kona kwenye giza, mpaka mji unafanana na plastiki.

Kuhusu rangi. Taa za mji hazina rangi moja, na jicho linatuficha hilo. Balbu za waya zina nyuzi 2700 hivi za Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ndogo ni machungwa, kubwa ni buluu), taa nyingi za LED za barabarani ziko kati ya 3000 na 4000, na zile taa za zamani za sodiamu zenye shinikizo kubwa ziko karibu na 2000, machungwa yanayokaribia kutu. Ukiiachia kamera ichague yenyewe balansi ya weupe, yaani mwanga upi uhesabiwe mweupe, itabadilika fremu hadi fremu. Mimi huifunga kwenye 3200 au 3500, anga linakaa buluu na taa zinabaki na joto lake bila kuwa za kutu. Napiga RAW, faili ghafi lenye yote yaliyonaswa na sensa, si JPEG iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa peke yake, kwa sababu uamuzi huo wa rangi naweza kuubadili nyumbani bila hasara. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila pikseli, JPEG ina 256. Usiku, ambapo karibu kila kitu kimejikusanya kwenye ngazi za chini, tofauti hiyo inaonekana kwa macho.

Kuna taa moja isiyorekebishika. Ni ile ya sodiamu yenye shinikizo dogo, ya manjano tupu. Mwanga wake karibu wote uko kwenye urefu mmoja wa mawimbi, nanometa 589. Chini yake gari jekundu na gari la kijani ni rangi moja, kwa kuwa hakuna rangi nyingine ya kurudishwa. Nilipoteza jioni nzima kwenye kompyuta nikijaribu kulirudisha gauni la mtu kwenye rangi yake. Mahali pa namna hiyo geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, itakushukuru.

Fokasi ni jambo la dakika moja: zima ile ya kujiendesha, kuza kioo mara 10 kwenye taa ya mbali, zungusha pete mpaka nukta iwe ndogo kabisa, basi. Usiiamini alama ya umbali usio na mwisho (∞) iliyochorwa kwenye lenzi. Na ile miale ya nyota inayozizunguka taa inatokana na mapanga ya kitundu, vile vibamba vinavyokifunga na kukifungua. Ukikibana hadi f/11 au f/16 inajitokeza. Mapanga 8 yanatoa miale 8, mapanga 7 yanatoa 14. Usizidi f/16, mwanga utaanza kujipinda ukingoni na picha nzima italainika. Kichujio cha kulinda lenzi kivue, maana taa zikikipiga huacha vivuli vya kijani vinavyoelea upande wa pili wa fremu.

Lenzi ya f/1.8 niliipatia kazi yake mitaani, kwenye watu. Hapo tripodi inabaki nyumbani. Unasimama karibu na dirisha la duka lililowaka, au chini ya taa, unasubiri mtu aingie kwenye mwanga ule. Kanuni ni ile ile, usimfuate mtu gizani na kamera, tafuta nuru kwanza kisha subiri. Ukiona mistari ya giza inapita kwenye picha zako za mitaani, tatizo ni umeme. Penye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde taa nyingi hufifia na kuwaka mara 100 kila sekunde, na shata ya 1/500 inaweza kuangukia wakati wa kufifia. Rudi kwenye 1/100 au 1/50. Watu waliolala barazani siwapigi. Usiku unawaacha wazi bila ulinzi, na sijawahi kuona picha ya namna hiyo iliyomsaidia aliyepigwa.

Wenye simu, habari ni njema kuliko ilivyokuwa. Hali ya usiku ya simu hupiga fremu nyingi fupi, ikazipanga juu ya nyingine na kuchukua wastani. Chenga hutokea ovyo, kila fremu na zake, kwa hiyo wastani wa fremu 16 huzipunguza hadi robo. Kasoro yake ni ile ile ya kipima mwanga changu cha kwanza: programu nyingi zimefundishwa kung'arisha. Gusa kioo kwenye taa, ushushe mwangaza kwa kidole, usubiri bila kutikisika. Simu iliyoegemezwa kwenye ukuta imenipa picha ninazoweza kuzitundika.

Aliyenifundisha zaidi kuhusu giza simjui ila kwa kazi zake. Mpiga picha Brassaï, aliyezaliwa Brassó, mji ulioko Romania ya leo, na kuitwa kwa jina la mji huo, alizurura Paris usiku mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kamera ya mabamba na tripodi. Alikuwa akipima muda kwa sigara, aina moja kwa mwanga fulani na nyingine, nene zaidi, palipokuwa na giza zaidi. Picha zake zimejaa ukungu na mawe ya barabarani yaliyolowa, na nilipozitazama kwa makini niligundua kwamba taa yenyewe mara nyingi haionekani. Imefichwa nyuma ya mti, nyuma ya nguzo, nyuma ya mtu. Unaona mwanga bila kuona taa. Na sehemu kubwa ya fremu ameiacha nyeusi, bila kuomba radhi.

Nilitoka kesho yake kwenda kwenye daraja langu. Mvua ilikuwa imekatika karibu na magharibi na lami ilikuwa bado inang'aa. Barabara iliyolowa ni nusu ya kazi, kwani inachukua mwanga uliokuwa juu tu na kuutandaza mpaka miguuni pako. Nilisogea mpaka nguzo ya kwanza ikaiziba taa yake yenyewe. Theluthi ya kushoto ya fremu, ambako zamani ningehangaika kuyatoa majengo gizani, niliiacha. ISO 100, f/8, kutoa 2. Sekunde 8.

Watu walikuwa wanatoka kazini, daraja limejaa. Nilifungua shata nikahesabu kimoyomoyo, nikiwaona wanapita mbele yangu kwa makumi. Picha ilipotokea daraja lilikuwa tupu, lami ina mistari miwili ya dhahabu, anga buluu iliyokaribia kwisha. Chini ya taa ya tatu kulikuwa na mtu mmoja, ameegemea ukingo, uso wake umemulikwa kidogo na simu aliyokuwa akiisoma. Sikumwona nilipokuwa napiga. Nilipoinua macho kumtafuta, alikuwa ameshaondoka.